Ya Liège au ya Birmingham? Kuzisoma bunduki mbili kuukuu za mitutu miwili

Mjomba wangu wa Isevya, hapa Tabora mjini, ana bunduki mbili za mitutu miwili. Zote geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa ndani wa mtutu; namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana), zote zina leseni kwa jina lake, na mwaka huu ameamua kubaki na moja. Magoti yamemkatalia kuwinda kanga kule Sikonge kama zamani, na kuhangaikia karatasi za bunduki mbili anasema ni kazi ya kijana. Akaniita nimsaidie kuchagua.

"Mpwa wangu, niambie ipi kongwe, ipi adimu, na ipi nibaki nayo." Aliuliza kwa pumzi moja, kana kwamba ni swali moja.

Ni maswali matatu, na kila moja lilikuja na jibu lake. Nimeandika hapa namna tulivyozisoma, maana bunduki ya mzee isiyojulikana umri huwa na hadithi nyingi kuliko ushahidi.

Kabla ya yote: mwenye leseni alikuwepo mezani muda wote, bunduki tukazikunja zifunguke, chemba (mahali risasi inapokaa) tukazitazama, zilikuwa tupu, tukazitazama tena. Na kama umeikuta bunduki darini au kwenye ghala la marehemu haina karatasi, usianze na chaki na tochi. Anza na kituo cha polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na ukongwe wa bunduki haugeuki kuwa leseni.

Kwa macho tu

Ya kwanza ina mitambo miwili ya nje, yaani nyundo za kufyatulia, imepinda kama pembe za mwanambuzi, na wenzo wa kuikunjia uko chini, umelala juu ya kikingio cha triga. Mitutu yake ina mawimbi ya kahawia na kijivu mwilini mzima, kama maji ya mtoni yaliyoganda. Juu ya mgongo unaounganisha mitutu kuna jina la Kiingereza na maneno LAMINATED STEEL. Mjomba anaiita "ya London". Hadithi yake ni kwamba iliachwa na afisa wa Kibelgiji mwaka 1916, jeshi la Wabelgiji lilipoingia Tabora. Namna afisa wa Kibelgiji alivyokuja na bunduki ya London, hadithi haisemi.

Ya pili haina mitambo ya nje. Imefungwa, nyembamba, nyeusi, wenzo uko juu na unasukumwa kwa kidole gumba. Mgongoni imeandikwa jina la duka, Army & Navy C.S.L. Mjomba haipendi sana. Anasema haina sura.

Nani anajua umri wa bunduki

Bunduki kuukuu ina mashahidi wanne: jina lililo juu, namba, umbo la mitambo, na mihuri iliyogongwa chini ya mitutu. Watu karibu wote huanza na jina kwa kuwa ndilo linaloonekana. Mimi ningeliweka nyuma, ingawa kama utakavyoona, kwa moja ya bunduki hizi ndilo lililotuokoa.

Ubaya wa jina ni kwamba lilikuwa biashara. Katika karne ya 19 mafundi wa Ubelgiji walitengeneza bunduki nyingi za bei nafuu zenye majina ya kusikika Kiingereza, mengine yakiwa yamebadilishwa kidogo tu kutoka kwa fundi maarufu, ili mnunuzi asiyejua adhani amepata ya London. Na huko Uingereza kwenyewe jina la mgongoni mara nyingi ni la muuzaji, wakati kazi ilifanyika Birmingham kwenye karakana isiyotajwa popote. Jina likiwa la kweli na likaja na anwani, hapo lina thamani kubwa: Purdey, mafundi maarufu wa London, walikuwa nambari 314½ Oxford Street hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, ndipo wakahamia South Audley Street. Anwani moja, nusu ya kazi imekwisha.

Namba nayo inatamaniwa mno. Namba bila daftari ni tarakimu tu. Nyumba kubwa za Uingereza zilitunza madaftari, na kwa Purdey au Holland & Holland unaweza kupata mwaka kamili. Karakana ndogo za Ubelgiji hazikuacha daftari la kuulizia, na mara nyingi namba unayoiona ni ya kuunganishia vipande tu, ili mtutu huu usichanganywe na kitako cha bunduki nyingine.

Umbo lina kasoro ya aina yake. Linakupa mwanzo, halikupi mwisho. Wenzo wa chini wa Henry Jones ulipata hataza mwaka 1859. Mtambo wa ndani wa Anson na Deeley, mafundi wa Westley Richards wa Birmingham, ni wa 1875. Kwa hiyo bunduki ya pili ya mjomba, yenye mtambo huo, haiwezi kuwa ya kabla ya 1875, lakini inaweza kuwa ya mwaka wowote baadaye, kwa sababu mtambo huo unatengenezwa hadi leo. Vivyo hivyo mitambo ya nje: watu wakiiona husema "hii ni ya kale sana", na hali bunduki za namna hiyo ziliendelea kuuzwa miongo mingi baada ya mitambo ya ndani kuenea.

Inabaki mihuri. Huko Uingereza na Ubelgiji mtutu haukuruhusiwa kuuzwa kabla ya kujaribiwa kwa mzigo mkubwa wa baruti kuliko wa kawaida, na ukipona, unagongwa muhuri wa serikali au wa nyumba ya majaribio. London wamekuwa na haki hiyo tangu 1637, Birmingham wakapata nyumba yao kwa sheria ya 1813. Mihuri hii ilibadilishwa kila sheria ilipobadilishwa, na hapo ndipo umri hujificha. Kughushi jina kulikuwa ujanja wa soko. Kughushi muhuri wa majaribio kulikuwa jinai, na watengenezaji wachache walithubutu.

Kuisoma ya Liège

Tulitoa ubao wa mbele, tukaikunja, tukaitenga mitutu na mwili, tukailaza kifudifudi juu ya gunia. Chini, karibu na chemba, kuna bapa, na mihuri imejaa pale. Ilikuwa imezibwa na mafuta yaliyoganda. Tulifuta kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, basi. Usishike msasa wala waya wa kusugulia sufuria. Muhuri una kina kidogo sana, na ukiusugua umeufuta huyo shahidi mwenyewe. Kisha tulipaka chaki nyeupe, tukafuta juu kwa kiganja, chaki ikabaki kwenye mistari, na tochi ya simu ikamulika kutoka ubavuni.

Ikajitokeza herufi tatu ndani ya duara la yai: E, L, G. Huo ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège, Ubelgiji. London ikafa hapohapo mezani. Mjomba alinyamaza, akaomba tochi aone mwenyewe.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kubana miaka. Tangu 1893 duara hilo la ELG huvikwa taji juu. La mjomba halina taji. Basi mitutu ilijaribiwa kabla ya 1893. Pembeni kuna herufi ndogo ya mkaguzi, na juu yake kuna nyota. Hadi 1877 wakaguzi wa Liège waliweka taji juu ya herufi zao, kisha wakahamia nyota. Kwa hiyo ni baada ya 1877. Mihuri miwili midogo kuliko punje ya mtama ikatupa dirisha la miaka 16: kati ya 1877 na 1893. Jina la mgongoni lisingeweza kutupa hata robo ya hapo.

Kama ingekuwa na simba juu ya herufi PV, tungejua ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, na huo ni muhuri wa mwishoni mwa miaka ya 1890 na kuendelea. Haupo, na kukosekana kwake ni habari kubwa. Nitairudia.

Na hadithi ya 1916 je? Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, jambo lililompa jenerali wao Charles Tombeur, baadaye, cheo cha Baroni wa Tabora. Hilo ni kweli. Lakini muhuri unasema bunduki ilizaliwa wapi na lini, hausemi ilisafiri na nani. Liège ilikuwa inauza bunduki dunia nzima muda mrefu kabla ya vita hivyo, na askari huja vitani na bunduki za kivita, hawaji na za marisau, yaani za punje nyingi ndogo za kuwindia. Inawezekana afisa mmoja alikuwa na yake ya kuwindia. Inawezekana vilevile ilikuja na mfanyabiashara, au na mmisionari. Nilimwambia mjomba kwamba bunduki yake huenda ilitengenezwa Mtemi Mirambo akiwa hai, kwa kuwa alifariki 1884, na hilo lilimpoza kidogo. Ila misafara ya zama za Mirambo ilileta zaidi gumegume na bunduki za fataki za kushindiliwa kwa mdomo, na Mkataba wa Brussels wa 1890 ukabana hata zaidi silaha bora kuingia upande huu wa Afrika. Ya risasi za ganda, inayokunjwa, ya mitutu miwili, haikuwa ya kila mtu.

Kuisoma ya Birmingham

Hii ilikuwa safi zaidi. Taji juu ya BP, taji juu ya BV, taji juu ya NP (NP ni alama ya kujaribiwa kwa baruti isiyo na moshi). Seti hiyo ni ya Birmingham, kati ya 1904 na 1954. (Ya London ungeona mkono ulioshika upanga uliopinda juu ya NP.) Kabla ya 1904 ungekuta fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji. Baada ya 1954 ungekuta BNP na shinikizo limeandikwa kwa tani.

Miaka 50 ni dirisha pana, kwa hiyo tulilibana. Ndani ya alama ya almasi kuna 12 juu ya C, desturi iliyoanza 1887, haitusaidii. Lakini kando yake kuna urefu wa chemba, inchi 2½, na hiyo ilianza kugongwa 1925. Sasa ni 1925 hadi 1954. Birmingham walianza pia mwaka 1921 kugonga herufi ndogo ya mwaka, na kama ingesomeka tungemaliza kazi. Kutu imeila. Nimeigeuza kwenye mwanga kila upande, nikaona kitu kinachoweza kuwa chochote.

Ndipo jina, lile nililolidharau, likaleta jibu. Army & Navy Co-operative Society lilikuwa duka la ushirika la maafisa lililoanzishwa London 1871, na mwaka 1934 likabadilisha jina kuwa Army & Navy Stores. Herufi C.S.L. ni za jina la zamani. Ukiunganisha na chemba ya 1925, unapata 1925 hadi 1934, na hiyo ni miaka ya utawala wa Waingereza Tanganyika, ambapo maafisa waliokuja huku walinunua kila kitu kwenye maduka ya namna hiyo, kuanzia chandarua hadi bunduki. Mjomba aliinunua kwa Mhindi aliyekuwa anafunga duka. Kabla ya huyo hatujui.

Kwa hiyo swali la kwanza limejibiwa: ya Liège ni kongwe kwa miaka isiyopungua 32.

Kama yako ni ya Kijerumani

Tabora ilitawaliwa na Wajerumani hadi 1916, na reli yao ilifika hapa 1912, kwa hiyo usishangae ukikuta bunduki ya Suhl au Zella-Mehlis. Hizi ndizo rahisi kuliko zote. Sheria yao ya majaribio ilianza kutumika 1893, na mihuri ni herufi zilizovikwa taji: U ya ukaguzi, S ya marisau, W ya mtutu uliobanwa mdomo. Zile za miaka ya 1920 na 1930 mara nyingi zimegongwa mwezi na mwaka wazi kabisa. Ukiona 10 28, ni Oktoba 1928. Tai juu ya N ni 1940 kuja mbele. Ningetamani Waingereza nao wangekuwa wawazi hivyo.

Gobore la kienyeji halina muhuri wowote, na hakuna haja ya kulijadili hapa.

Ipi adimu?

Hili jibu mjomba hakulipenda. Hakuna.

Ya Liège ni ya kale, lakini ukale na uadimu ni watoto wa baba tofauti. Liège ilitengeneza bunduki za aina hii kwa wingi mno, mafundi wakifanya kazi majumbani, huyu anachonga kitako, yule anafua mtutu, mwingine anaunganisha. Zimezagaa duniani. Ya Army & Navy nayo ni kazi nzuri ya kawaida ya Birmingham, ya mtu mwenye mshahara wa kati.

Uadimu ningeutafuta kwingine: bunduki pacha zenye namba 1 na 2 kwa dhahabu, zikiwa bado pamoja, geji kubwa kama 8 au 10, au bunduki ambayo rangi yake ya kwanza, kitako chake cha kwanza na sanduku lake la ngozi havijaguswa. Hii ya mwisho watu huiharibu kwa mikono yao. Mjomba aliwahi kupiga kitako cha ile ya Liège vanishi ya milango. Inang'aa kama kiti cha saluni, na mnunuzi yeyote anayejua ataiona kutoka ng'ambo ya barabara.

Ukitaka kuhakiki mawimbi ya mitutu, angalia chini ya ubao wa mbele mahali mkono haufiki. Ya kweli, iliyofumwa kwa nyuzi za chuma na feleji zilizosokotwa kuzunguka fimbo na kufuliwa, ina mawimbi mpaka humo. Zilikuwepo za bei rahisi ambazo mawimbi yake yalichorwa juu ya chuma cha kawaida, na chini ya ubao huo huwa zinaumbuka. Ya mjomba ni ya kweli.

Ya kubaki nayo

Hapa sikusita, na hapa ndipo ningependa kila mwenye bunduki kuukuu asome mara mbili.

Ya Liège haina muhuri wa baruti isiyo na moshi. Ilijaribiwa kwa baruti nyeusi, na mitutu yake imefumwa. Risasi za dukani leo karibu zote ni za baruti isiyo na moshi, ambayo mitutu hii haikujaribiwa kuihimili. Mjomba ameipiga miaka mingi na haijapasuka, ndiyo, na kila mtu ana babu aliyevuta sigara akafika miaka 90. Ndani ya mtutu wa kushoto kuna vishimo vya kutu mbele kidogo ya chemba, mahali mkono wa kushoto hushika. Tulitoa ubao wa mbele, tukafunga, tukaitikisa: inacheza. Mitutu tukaining'iniza kwa kamba na kuigonga kwa kucha. Mizima hulia kama kengele ya kanisa. Hii ililia kama debe, ishara kwamba mgongo umeachia mahali.

Ya Birmingham ililia vizuri, haichezi, na ina NP yake. Ila nayo ina mtego, tena mbaya zaidi kwa kuwa hauonekani. Chemba yake ni inchi 2½, ambayo kwenye boksi huandikwa milimita 65. Risasi nyingi za dukani ni za 70. Na ya 70 inaingia! Inaingia na kufunga bila shida, kwa sababu ganda hupimwa likiwa limefunguka baada ya kupigwa, na kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa, ni mfupi. Ukifyatua, mdomo unafunguka ndani ya sehemu inayoanza kuwa nyembamba, njia inabanwa, na shinikizo linapanda. Bunduki itavumilia mara nyingi. Fundi atakwambia tu siku moja kwamba imelegea, na hamtajua kwa nini.

Jambo jingine la kupima kabla ya kuamini NP: kipenyo. Namba ya 13 chini ya mtutu ni inchi 0.710, ya 12 ni 0.729, ya 12/1 ni 0.740. Kama imegongwa 13 na leo ndani ni 0.729, kuna fundi aliyesugua kutu akasugua na chuma, na muhuri ule hauna maana tena. Kipimo hiki huchukuliwa inchi 9 kutoka nyuma. Kalipa ya gereji (kifaa cha kupimia kipenyo) hufika mdomoni tu, mahali ambapo mtutu umebanwa, kwa hiyo itakudanganya. Peleka kwa fundi wa silaha mwenye kibali na kifaa chenye shingo ndefu. Tutaipeleka.

"Kwa hiyo nibaki na hii isiyo na sura," alisema mjomba.

"Ndiyo, mjomba. Ile nyingine isipigwe tena."

Alikubali kuirudisha ya Liège polisi kwa utaratibu wao, na akaniagiza niulize kama inaweza kuzibwa kabisa na kukubaliwa kwenye makumbusho kule Kwihara. Kisha akaleta kopo la majani ya chai anamoweka risasi, akavaa miwani, akaanza kusoma ubavuni mwa kila ganda, moja moja. Zilikuwa kumi na nne. Za 65 zilikuwa tatu.